Kuwafuatilia kindi wekundu msituni: miguu, mrija wa manyoya, kamera au mtego?

Kikundi cha kujitolea kimepata ruhusa ya kufuatilia kindi wekundu katika msitu mmoja kaskazini mwa England. Watu wapo, fedha ni kidogo, na kila mmoja ana lake. Huyu anataka kamera, yule anasema miguu na macho vinatosha, wa tatu kasikia habari za mirija ya kunasa manyoya na hataki kusikia kingine. Mabishano haya yapo karibu kila kikundi, na sisi Waswahili tulioko huku tunaojiunga navyo huombwa kupiga kura kabla hatujajua vizuri tunachokichagua. Kama umekwama hapo, soma.

Kwanza hali yenyewe, kwa ufupi. Kindi mwekundu ndiye mwenyeji wa Uingereza. Wa kijivu aliletwa kutoka Amerika Kaskazini: aliachiwa Henbury, Cheshire, mwaka 1876, na Ayalandi akafikishwa Castle Forbes, wilaya ya Longford, mwaka 1911. Leo wa kijivu wanakadiriwa kuwa zaidi ya milioni 2. Wekundu wengi wako Uskoti. Waliobaki wako kaskazini mwa England, sehemu chache za Wales, na visiwa kama Anglesey, Brownsea na Isle of Wight. Wa kijivu humzidi mwenyeji kwa ubavu na kwa tumbo, maana hula matunda ya mwaloni kabla hayajakomaa na yakakaa tumboni bila taabu. Lakini pigo kubwa ni ndui ya kindi. Wa kijivu hubeba virusi vyake bila kuumwa sana. Mwekundu vikimpata, kwa kawaida hufa ndani ya wiki mbili hivi. Msitu wa Formby, pwani karibu na Liverpool, ulipoteza sehemu kubwa ya kindi wake katika mlipuko wa 2008.

Haimaanishi kwamba kazi hii ni ya kukata tamaa. Anglesey walianza kuwaondoa wa kijivu mwaka 1998, wekundu wakiwa wamebaki kama 40. Sasa kisiwa hicho huhesabu wekundu kwa mamia.

Vipimo vya kulinganishia

Nimetumia vipimo vitano kwa kila njia, ingawa si vyote vina uzito sawa.

Cha kwanza ni swali inalojibu: je, wapo au hawapo? Ni wangapi? Ni wazima au wagonjwa? Haya ni maswali matatu tofauti, na vikundi vingi huanza kununua vifaa kabla ya kuamua wanauliza lipi. Cha pili ni uwezo wa kumtofautisha mwekundu na wa kijivu. Cha tatu ni kasi, yaani muda kati ya mnyama kupita na wewe kujua kwamba kapita. Cha nne ni gharama, nikimaanisha fedha pamoja na saa za watu. Cha tano ni usumbufu kwa mnyama, hatari ya kueneza ugonjwa, na sheria.

Kipimo cha kasi mimi nakiweka juu kuliko wengi wanavyokiweka. Kama wa kijivu ameingia msituni akiwa na virusi na ninyi mmejua baada ya wiki sita, mlichonacho ni historia. Ndiyo maana kabla ya kuuliza "tununue nini?" ni vyema kuulizana "siku tukimwona wa kijivu, nani anapigiwa simu na atafanya nini?" Msipokuwa na jibu, hata kamera ishirini hazitawasaidia.

Viota na maganda: neno fupi

Wengi huanza kwa kuhesabu viota vya vijiti vilivyoshikamana na shina juu mtini, au mabaki ya koni za misonobari. Koni iliyoliwa na kindi hubaki kigunzi chenye nyuzi zilizochanika ovyo, wakati panya huiguguna ikabaki nadhifu. Unasafisha ukanda wa mita 50 kwa mita 1, unarudi baada ya muda, unahesabu vigunzi vipya. Ni njia ya bei ya kutupa na haimgusi mnyama.

Tatizo ni kwamba kiota cha mwekundu na cha wa kijivu hakitofautishiki, na vigunzi vilevile. Kwa hiyo njia hii inafaa pale ambapo mna uhakika kuna aina moja tu, kwa mfano Brownsea. Kwingine itawaambia kuna kindi, basi. Naiacha hapo, na zinazoshindana kweli ni nne.

1. Kutembea na kutazama

*Inavyokwenda.* Mnachagua njia moja isiyobadilika. Mnaingia asubuhi mapema, siku isiyo na upepo wala mvua, mnatembea polepole na kusimama dakika kadhaa kila baada ya mita 100 hivi. Majira ya kuchipua ndiyo bora, kabla majani hayajafunga dari. Mara nyingi sikio hutangulia jicho: kucha zikikwaruza gome, au vigamba vya koni vikidondoka juu ya majani makavu kutoka mahali usipoona kitu.

*Inajibu nini.* Wapo au hawapo, na kwa njia ileile mwaka baada ya mwaka, kama wanaongezeka au wanapungua. Idadi kamili haiwezi kuitoa. Na kutomwona si ushahidi kwamba hayupo. Kwenye mashamba makubwa ya Sitka, mti wa jamii ya misonobari, kama msitu wa Kielder, ambako miti imesongamana, mwanga ni hafifu na kindi ni wachache kwa kila hekta, mtu mwenye macho makali anaweza kutoka mikono mitupu asubuhi nzima.

*Kutofautisha.* Hapa wageni wengi hupigwa chenga, kwa sababu wanategemea rangi. Wa kijivu huwa na mabaka ya rangi ya kutu ubavuni na miguuni, hasa kiangazi. Mwekundu wa majira ya baridi anaweza kuwa na mgongo wenye ukijivu. Vishungi vya masikioni ni alama ya mwekundu, ila kiangazi huvipoteza, kwa hiyo kutoviona mwezi wa Julai hakuthibitishi kitu. Tazameni mkia: wa kijivu una ukingo mweupe unaouzunguka, wa mwekundu una rangi moja. Kisha umbo: mwekundu ana gramu 300 hivi, wa kijivu huzidi 500.

*Kasi.* Papo hapo, na hakuna njia inayoishinda kwa hilo.

*Gharama, usumbufu, sheria.* Darubini moja ya kupokezana, viatu visivyovuja, ruhusa ya mwenye msitu. Saa za watu ndizo huliwa. Mnyama hasumbuliwi na hakuna chakula kinachowekwa, kwa hiyo hakuna hatari ya kueneza ndui.

*Inamfaa nani.* Kikundi kipya, wazee waliostaafu, familia zenye watoto wanaoweza kunyamaza robo saa, na misitu ya wazi ya misonobari au ya majani mapana. Ina faida nyingine isiyoandikwa kwenye ripoti, nayo ni kuwazoesha watu msitu wenyewe. Aliyetembea njia moja misimu miwili ndiye atakayejua kamera ifungwe mti gani.

2. Mrija au kisanduku cha kunasa manyoya

*Inavyokwenda.* Ni kipande cha bomba la plastiki, urefu wa sentimita 30 hivi na upana wa kumtosha kindi kupita, wazi pande zote mbili, kikifungwa juu ya tawi. Ndani mnaweka alizeti na mahindi. Juu kwa ndani kuna vibao vyenye utepe wa kunata. Kindi anaingia kula, mgongo unagusa utepe, manyoya yanabaki. Uskoti hutumia pia visanduku vya chakula vyenye utepe chini ya kifuniko, ambacho kindi hukiinua mwenyewe kwa kichwa. Baada ya wiki moja au mbili mnakusanya.

*Kutofautisha.* Kazi hii haifanyiki msituni, inafanyika mezani. Unyoya hupakwa wino kisha ukatazamwa kwa hadubini. Unyoya mgumu wa mwekundu una mfereji unaokwenda kwa urefu na wino hukaa humo ukaonekana kama mstari; wa kijivu ni wa mviringo, hauna mfereji. Mtu akishafundishwa, kosa huwa nadra. Lakini lazima yawe yale manyoya magumu ya mgongoni. Vinyoya laini vya chini havisemi lolote, na kuna wiki utepe hurudi na vinyoya laini vitupu.

*Inajibu nini.* Aina gani imepita wapi. Nguvu yake ni upana: mirija ni rahisi, inaweza kusambazwa kwenye eneo kubwa, na ikawatoa wa kijivu hadharani kwenye bonde ambalo hakuna mtu anayepita. Idadi haiwezi kuitoa. Kindi mmoja mwenye njaa anaweza kuacha manyoya kwenye mirija mitano.

*Kasi.* Ndiyo ya mwisho kabisa kati ya hizi nne. Wiki mbili mtini, kisha foleni ya hadubini. Kama anayesoma manyoya ni mmoja na ana kazi yake ya mshahara, hesabuni mwezi.

*Gharama, usumbufu, sheria.* Vifaa ni nafuu na fundi yeyote anaweza kuvitengeneza. Hatari iko kwenye chakula. Mahali pamoja pakuingiza vichwa vya wanyama wengi ni mahali pa kuachiana virusi, hasa aina mbili zikichangia. Kila mrija usafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kabla ya kurudishwa, na ndui ikithibitishwa jirani, chakula chote kiondolewe siku hiyohiyo.

*Inamfaa nani.* Msitu mkubwa wa misonobari na jamii zake, kikundi kilicho karibu na chuo au chenye mtu mmoja anayependa hadubini kwa dhati. Wasio na mtu huyo wasianze, maana utepe usiosomwa ni takataka.

3. Kamera ya kutega

*Inavyokwenda.* Kamera hufungwa kwenye shina na kujiwasha yenyewe kihisio chake kinapoona joto likipita. Huelekezwa kwenye kisanduku cha chakula au gogo ambalo kindi hulitumia, umbali wa mita 2 au 3. Mambo mawili huharibu kazi: jua la moja kwa moja, kwa hiyo ielekezeni kaskazini, na kitawi kinachotikisika mbele ya lenzi. Kitawi kimoja kinaweza kujaza kadi picha maelfu za upepo.

Njia hii ina historia hata kwetu. Sengi (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu wa milima ya Udzungwa, Tanzania, alijulikana kwa picha za kamera za aina hii mwaka 2005, kabla ya kutangazwa rasmi kuwa spishi mpya mwaka 2008. Mnyama mkubwa kuliko sengi wenzake wote, na alikuwa amejificha machoni pa watafiti miaka yote hiyo.

*Inajibu nini.* Wapo au hawapo, saa wanazotoka, na jambo ambalo mrija hauwezi: afya. Video nzuri huonyesha vidonda na magamba kuzunguka macho, pua na midomo, dalili za ndui. Huonyesha pia nani mwingine anatumia msitu. Huyo mwingine wakati mwingine ni marteni, mnyama wa jamii ya kicheche. Ayalandi na Uskoti, marteni wanaporudi wa kijivu hupungua, na wekundu hurejea. Picha moja ya marteni inaweza kubadilisha mpango wenu wote. Idadi ya kindi bado ni ngumu, kwa kuwa wekundu wawili hufanana na picha ishirini zinaweza kuwa za mmoja.

*Kutofautisha.* Rahisi mchana, na ushahidi unabaki. Mkibishana, mnaurudia. Kindi hulala usiku, kwa hiyo msilipie zaidi kwa ajili ya taa kali za usiku, isipokuwa mnamtafuta marteni.

*Kasi.* Inategemea mnakwenda kuchukua kadi mara ngapi. Kila wiki ni nzuri. Kila robo mwaka ni sawa na kutokuwa nayo. Zipo zinazotuma picha kwa mtandao wa simu, lakini jaribuni simu zenu msituni kwanza. Kwenye mabonde mengi ya kaskazini mtandao ni wa kubahatisha.

*Gharama, usumbufu, sheria.* Kamera ya kuaminika ni pauni mia moja na kuendelea, na bado kuna betri, kadi na mnyororo wa kuzuia wezi. Gharama inayosahaulika ni kuangalia picha. Jukwaa la MammalWeb, lililoanzia Chuo Kikuu cha Durham, huwawezesha watu wengi kusaidiana kutambua wanyama pichani. Wekeni kibao kinachowaambia wapita njia kuna kamera, na picha za watu zifutwe. Kama mnatumia chakula, masharti ya usafi ni yaleyale ya mrija.

*Inamfaa nani.* Kikundi chenye mpango tayari wa kuchukua hatua. Pia misitu ambako wekundu wamebaki wachache mno, kama Clocaenog kaskazini mwa Wales, ambako kutembea kunaweza kuwapa sifuri isiyo ya kweli.

4. Mtego wa kukamata mnyama mzima

*Inavyokwenda.* Vizimba vya waya vyenye chambo, vinavyokaguliwa si chini ya mara mbili kwa siku. Kindi hupimwa uzito, jinsia na hali ya uzazi, huwekewa alama au chipu, huchukuliwa damu ikibidi, kisha huachiwa palepale.

*Inajibu nini.* Karibu kila kitu. Ndiyo njia pekee kati ya hizi inayotoa makadirio ya idadi yanayosimama, kwa kulinganisha waliokamatwa mara ya kwanza na waliokamatwa tena. Huonyesha pia kinga za ugonjwa kwenye damu, na majike wanaonyonyesha. Kamera haiwezi kuona hayo.

*Sheria.* Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu watu hula hasara. Kindi mwekundu analindwa na Sheria ya Wanyamapori na Mashambani ya mwaka 1981. Kumtega bila kibali ni kosa, na vibali hutolewa na Natural England, NatureScot au Natural Resources Wales kulingana na mlipo. Upande wa pili: kindi wa kijivu akishakamatwa haruhusiwi kuachiwa. Lazima auawe kwa njia isiyo ya ukatili. Kumzamisha majini ni marufuku.

Kwa maneno mengine, kikundi kikitega mitego mahali penye aina zote mbili, kimeshaamua kuua, wakijua wasijue. Wapo wanaokubali hilo kwa moyo mmoja, wakitoa mfano wa Anglesey, na sioni namna Anglesey ingefanikiwa bila hilo. Wapo wasioweza, na hao wasilaumiwe, ila walijue kabla kizimba hakijafunguliwa. Nimeona vikundi vikigawanyika kwenye jambo hili kuliko jambo la fedha.

*Kasi, gharama, usumbufu.* Kasi ni nzuri, gharama ya saa ni kubwa kuliko zote, na usumbufu ni wa kweli, kwani kindi kizimbani kwenye baridi au mvua anaweza kufa. Kutofautisha si tatizo, mnyama yuko mkononi.

*Inamfaa nani.* Watafiti, madaktari wa wanyama, miradi ya kuhamisha au kuongeza kindi, na wafanyakazi waliofunzwa.

Kabla hamjalipa

Njia yoyote mtakayochukua, rudieni majira yaleyale kila mwaka. Mavuno ya koni hupanda na kushuka, na kindi hupanda na kushuka nayo, kwa hiyo mwaka mmoja mbaya si msiba na mmoja mzuri si ushindi. Na rekodi zipelekwe zinakotumika: Saving Scotland's Red Squirrels kama mko Uskoti, Red Squirrels Northern England kama mko kaskazini mwa England. Daftari lililofungiwa kabatini halimwokoi mnyama.

Kwa hali yenu

Kama msitu ni mdogo, wa wazi, na kikundi ni kichanga, tembeeni msimu mzima kwanza. Fedha zitunzeni. Mwishoni mtajua kama mnahitaji kamera na mtajua pa kuifunga.

Kama mnapakana na eneo la wa kijivu na kuna ofisa au mtegaji mwenye kibali anayepokea simu zenu, kamera chache kwenye njia za kuingilia, kadi zikichukuliwa kila wiki, zitawafaa kuliko nyingi zilizotawanywa. Wekeni kwenye mikanda ya miti inayounganisha misitu na kando ya vijito.

Kama eneo ni kubwa mno na swali ni "wa kijivu wamefika wapi?", mirija ya manyoya huchora ramani kwa fedha ambazo kamera zingeishia nusu njia. Mkipata unyoya wa kijivu, pelekeni kamera kwenye kipande hicho. Mchanganyiko huu naupenda, mradi kuna msoma manyoya.

Kama mmeona kindi mwenye vidonda usoni, sahauni ulinganisho wote huu. Ondoeni chakula, ripotini siku hiyohiyo, na kama kuna mzoga ulizeni kwanza unavyochukuliwa.

Kama swali ni idadi kamili, au mnapanga kuleta kindi kutoka kwingine, hamuwezi kuukwepa mtego. Tafuteni chuo au taasisi yenye kibali na muwe mikono yao, msiwe wasimamizi.

Na kama wewe ni mwanafunzi wa wanyamapori utakayerudi Afrika Mashariki, misitu ya pwani yetu ina kindi wake mwenye tumbo na mkia wa rangi ya kutu, na njia hizi zinaweza kumfaa pia, bila vita vya ndui ya huku. Kutembea na kamera unaweza kuanza navyo mara moja. Mrija usubiri mpaka uwe na sampuli za manyoya za kila aina ya kindi na panya wa msitu huo, la sivyo hadubini itakuonyesha unyoya usioweza kuutaja ni wa nani.